Namchezesha Baba Mkwe Gemu Apone Mkono, Ukweni Wamenigeukia

Mama Lucia, shikamoo. Naandika nikiwa jikoni na mtoto mgongoni, naomba barua yangu uisome mapema kwenye kipindi chako cha redio maana Jumamosi wifi yangu anakuja kumchukua baba mkwe, na nisipopata neno lako kabla ya hapo sijui nitasimama upande gani. Majina ya watu wangu nimeyabadilisha, langu usiliweke kabisa.

Mimi naishi Shanwe, hapa hapa Mpanda. Nilizaliwa Sibwesa, wazazi wangu asili yao ni Burundi, nikaolewa na kijana wa Majimoto, Mpimbwe, tuseme anaitwa Denis. Denis ni fundi ujenzi, kwa sasa yuko Tabora, anakuja nyumbani kazi ikimruhusu na kazi yenyewe haimruhusu mara nyingi. Mwaka huu mpunga ukiwa bado shambani baba yake, Mzee Kalisti, alianguka akiwa anafunga ng'ombe, hospitali wakasema ni presha imepanda mpaka ikamletea kiharusi, upande wa kulia wote ukalegea. Mguu ulirudi, namshukuru Mungu, anatembea kwa fimbo, ila mkono wa kulia ukabaki umelala tu kwenye paja, vidole vimejikunja. Mama mkwe alishafariki zamani, wifi yangu Verdiana ana watoto wake na biashara ya mchele pale sokoni Majimoto, basi Denis akaamua mzee aje kukaa kwangu ili awe karibu na hospitali, afanyiwe mazoezi.

Nataka unielewe Mama Lucia, huyu mzee ni mtu wa heshima zake, na kwao kama kwetu tu, mkwe na baba mkwe wana mpaka wao. Mimi jina lake halisi silitamki. Sikai naye mkeka mmoja, nikimpelekea chakula napiga goti, naweka, naondoka, tukipishana mlangoni najibana ukutani apite. Na yeye vile vile, akitaka kuja uani anakohoa tangu ndani ili nijue anakuja nijifunge vizuri. Tuliishi hivyo muda mrefu kwenye nyumba ndogo, salamu ya asubuhi, salamu ya jioni, yeye na redio yake, mimi na mtoto wangu, basi.

Hospitali kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kaka mmoja mpole anaitwa Nestori, alimpa mzee mazoezi ya kunyanyua mkono na kufungua vidole, arudie nyumbani kila siku. Akifika nyumbani hafanyi. Nikimwambia Baba, mazoezi, ananijibu ndiyo mama, halafu anaenda kulala. Siku moja nilimsikia anamwambia mgeni wake kwamba mtu mzima kunyanyua mkono hewani na hajashika jembe ni dalili ya kuchanganyikiwa. Na kilichokuwa kinamuumiza kuliko vyote ni kanisani. Mzee amesali maisha yake yote, sasa kufanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto mbele ya watu akaona aibu, akaacha misa kabisa, Jumapili watu wanapita na nguo zao nzuri yeye amelala anatazama ukuta.

Nestori alipoona mkono hauendi mbele akasema tujaribu gemu, akaniwekea kwenye simu yangu. Simu unaisimamisha kwenye stuli, kamera inawaona mliokaa mbele yake, na kwenye kioo linatokea shamba la mpunga ulioiva, halafu wanakuja ndege, wale wale kwelea kwelea tunaowajua, na ili uwafukuze lazima unyanyue mkono mpaka juu ya bega na kuupunga, usiponyanyua wanakula. Linachezwa na watu wawili, shamba limekatwa katikati, kila mtu analinda upande wake, na ndege wakikushinda wewe, wakishamaliza kwako wanahamia kwa mwenzako. Nestori akasema huyo anayecheza naye, mkono mmoja apunge na mwingine amshike mzee kiwiko kwa chini amsaidie mpaka nguvu zirudi. Akauliza nyumbani yuko nani. Yuko nani Mama Lucia, niko mimi na mtoto anayetambaa.

Mzee alikataa pale pale. Alimwambia Nestori bila hasira kwamba kuamia ndege ni kazi ya watoto, yeye aliiacha kabla hajaota ndevu, na hawezi kuirudia uzeeni kwenye simu ya mkwe wake. Tukarudi nyumbani. Mchana mtoto alipolala nikaona basi nijaribu mwenyewe nione ni kitu gani, nikakaa mkekani sebuleni, mzee yuko kwenye kiti chake kule pembeni na redio. Na mimi gemu silijui, ndege wakija huku mimi napunga kule, mpunga unaisha naona, unaisha kweli, yanabaki mabua, na ile simu inatoa kelele za ndege kama wako darini. Mzee akazima redio. Akasema, "Kushoto." Nikapunga kushoto. Akasema, "Mama, wanashuka kule nyuma, huoni wanashuka? Kwenu mlikuwa mnakula nini nyie?" Halafu akasimama na fimbo yake, akaja, akakaa mkekani, kuanguka zaidi kuliko kukaa, na ule mkono wa kulia nikauona unatoka kwenye paja. Haukufika mbali, ulifika kifuani ukatetemeka ukarudi. Lakini haukuwahi kutoka pale pajani wenyewe tangu alipoanguka.

Sasa Nestori alisema ashikwe kiwiko, na mimi mkono wa baba mkwe sijawahi kuugusa. Nikachukua kitenge, nikakikunja, nikakiweka kwenye kiganja, nikamshika kiwiko kupitia kitenge ili ngozi yangu isiguse yake. Yeye akatazama dirishani, mimi nikatazama simu, tukafukuza ndege. Ndiyo tukawa tunafanya hivyo kila mchana nikimaliza kuosha vyombo. Mlango nilikuwa naurudishia, maana vijana wa nyumba ya pili walishaanza kuchungulia na kumcheka mzee kwamba anacheza gemu kama wao wa kwenye vibanda, na mimi sikutaka aone aibu akaacha.

Mama Lucia, mkono ulirudi. Sio wote, ila ulirudi. Ukaanza kufika begani, ukavuka bega, akaanza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, akafunga kifungo cha shati mwenyewe kwa kuhangaika sana na hakutaka nimsaidie. Jumapili moja akaniambia nimwitie bodaboda ampeleke kanisani. Mimi nilikaa nyuma upande wa akina mama nikamwona anaweka mkono wa kulia kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, kwenye bega la kulia ukachelewa kidogo lakini ukafika. Nililia mpaka mama niliyekaa naye akanipa leso akidhani nimefiwa.

Na sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Ule mchezo ulinifurahisha na mimi. Kuna siku nilikuwa nawaachia ndege makusudi waende kwake, apandwe na hasira, anyanyue mkono zaidi, na yeye akaja kunigundua, akasema mkwe wangu wewe ungeolewa enzi zetu ungerudishwa kwenu na ndege wako. Tukacheka. Mimi baba yangu alifariki sijajua kutembea, sijui baba anacheka vipi na mtoto wake, na nilikuwa nacheka na huyu mzee kuliko ninavyocheka na mume wangu tukiongea kwenye simu, na baada ya yote yaliyotokea najiuliza kama hiyo ilikuwa dhambi na mimi sikujua.

Maana kuna jambo nilikosea. Denis alikuwa akipiga simu ananiuliza nani anamsaidia Baba na hilo gemu, na mimi kwa kuona haya nikamwambia anacheza mwenyewe. Nikasema hivyo mara ya kwanza, basi nikaendelea hivyo hivyo.

Siku hiyo Verdiana alikuja na mchele bila kusema kama anakuja. Alikuta mlango umerudishwa, akasikia vicheko, akausukuma. Sisi tuko mkekani, joto lilikuwa kali, kitenge kilishadondoka na sikujua hata kilidondoka saa ngapi, mkono wangu uko kwenye kiwiko cha baba yake na wote wawili tunacheka. Hakutusalimia. Aliweka mchele chini akasema, "Haya, tumeona." Akatoka nje akampigia Denis, akawapigia na ndugu zao wa Majimoto. Alisema nimemfanya baba yao mtoto, nimemfundisha michezo ya wahuni wa kubeti, na neno lingine ambalo siwezi kuliandika, halafu akasema hawa watoto wa wakimbizi wa makambini hawajui mila za watu. Mzee alikuwa anasikia yote. Verdiana alipomwambia Jumamosi ijayo nakuja kukuchukua turudi nyumbani, akajibu haya, nitakwenda.

Denis alinipigia jioni. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema gemu liishe leo, halafu akasema kama hili ulinidanganya, ni mangapi mengine sijui. Mpaka leo anaongea na mimi mambo ya mtoto tu.

Tangu siku hiyo mzee anakula chumbani kwake. Anatoka mimi nikiwa uani, nikiingia anarudi. Kikombe amekirudisha mkono wa kushoto, vidole naviona vinaanza kujikunja tena. Juzi nilijikaza nikasimama mlangoni kwake nikamwambia Baba, ndege wanakula. Akasema, "Waache, mama. Mwaka huu tulivuna vya kutosha."

Nifanye nini? Nikisema abaki aendelee na mazoezi, watasema unaona, anamtaka nini huyo mzee. Nikinyamaza anaenda Majimoto na mkono wake unakufa kule, hakuna mtu wa kumfanyisha. Nikimtetea najimaliza mwenyewe, nisipomtetea nammaliza yeye. Naomba msaada wako Mama Lucia, na ukinigombeza nigombeze tu.

Mkwe mwenye mashaka, Shanwe

MAMA LUCIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kaa chini kwanza. Mshushe huyo mtoto mgongoni.

Nianze na lile unaloona zito. Uliuliza kama kucheka na baba mkwe wako ni dhambi. Si dhambi. Umekua bila baba, umempata mmoja akiwa mgonjwa, mnafukuza ndege pamoja, ungefanya nini zaidi ya kucheka? Hilo litoe kichwani leo, na yeyote atakayekurudishia mwambie Mama Lucia ameshalijibu.

Na kitenge, jamani. Nimesoma hapo nikarudi kusoma tena. Mtu aliyekosa adabu hatafuti kitenge cha kushikia kiwiko. Wanaosema hujui mila wakuonyeshe wao wangeshikaje.

Ila umesema nikugombeze, na nitakugombeza, kwa sababu makosa unayo. La kwanza ni lile la Denis. Mume yuko mbali, macho yake nyumbani ni wewe, anakuuliza swali jepesi na wewe unampa jibu la uongo kwa jambo ambalo halikuwa na ubaya wowote. Umelichukua jambo safi ukalificha, sasa linanuka. Ungemwambia tangu mwanzo, "Nestori amesema ashikwe kiwiko, mimi naona haya, tufanyeje?" mwenyewe angepiga simu kwa dada yake, na leo Verdiana angekuwa anakuja kushangilia. Ulimwonea haya mumeo kwa jambo la baba yake mzazi. Usirudie.

La pili ni mlango. Naelewa ulikuwa unamlinda mzee asichekwe na hao vijana. Nia nzuri, akili ndogo. Nyumba ambayo mume hayupo, mkwe na baba mkwe wako ndani, mlango umerudishwa na vicheko vinasikika, hata mimi ninayekutetea hapa ningeusukuma huo mlango. Wale vijana ungewaita ndani. Ungewaambia njoo, kaa hapa, mwonyeshe babu yako unavyocheza, na ningetaka kuona nani angecheka baada ya mzee aliyelima mpunga maisha yake yote kumfundisha ndege wanashukia wapi. Wacheze naye, wapokezane. Kumbe ulikuwa na wasaidizi mlangoni ukawafungia nje.

Kugombeza kumeisha. Tuje kwenye mkono.

Nimempigia mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo ninayemwamini, sijamtajia mtu, nimemuuliza tu. Ameniambia mkono uliopigwa na kiharusi unarudi kwa kurudia, na kurudia kwingi, na miezi hii ya mwanzo ndiyo ina faida kubwa kuliko baadaye. Ukiuacha, misuli inakaza na vidole vinajikunja, na kuvifungua tena ni kazi ya machozi. Nikamuuliza na hili la gemu, je, ni utani? Akasema si utani hata kidogo. Mgonjwa ukimwambia nyanyua mkono, nyanyua tena, anachoka na kuchukia, lakini akiwa anagombana na ndege ananyanyua bila hesabu, na mwili haujali kama ndege ni wa kweli au wa kwenye simu. Akaongeza, na hili sikiliza vizuri, kwamba gemu si dawa ya presha. Vidonge vya mzee vimezwe kila siku, apimwe, chumvi ipungue kwenye mboga. Mkono ukipona halafu presha ikampiga tena mtaanza upya, kama atakuwepo wa kuanza naye.

Kwa hiyo vidole unavyoviona vinajikunja si mawazo yako. Ni kweli. Suala lako halisubiri watu wapoe hasira.

Sasa Verdiana. Usimchukie wifi yako. Jiweke wewe ni binti, baba yako ameanguka, umeshindwa kumuuguza kwa sababu ya watoto na biashara, umemwachia mke wa kaka yako. Unapanda gari na mchele begani ukijua unakwenda kumwona mgonjwa wa kusikitisha. Unasukuma mlango unamkuta anacheka na mtoto wa watu. Tangu mama yako afe hujamsikia baba akicheka hivyo. Maneno aliyotoa ni mabaya, na lile la makambini atakuja kukuomba radhi, nina hakika, maana wewe ni Mtanzania mwenzake na mama wa damu yao. Lakini kilichomtoa yale maneno ni wivu wa mtoto kwa baba yake, na wivu wa namna hiyo dawa yake ni kumpa kazi.

Mpe kiwiko. Ndiyo, umesikia. Yeye ni binti yake wa kumzaa, hana mpaka wa mkwe, ashike bila kitenge. Kesho asubuhi nenda hospitali kwa Nestori, mwombe Jumamosi kabla ya safari awaone wote kwa pamoja, mzee, Verdiana na wewe, na aeleze yeye, kwa mdomo wake wa kitaalamu, kwa nini kiwiko kinashikwa na kwa nini wanakaa wawili mbele ya kamera. Wewe usieleze kitu. Kila neno utakalosema wewe litageuzwa, la Nestori halitageuzwa. Halafu gemu liwekwe kwenye simu ya Verdiana pia, na acheze mbele yenu. Atashindwa, wote wanashindwa mwanzoni, na ndege wake watahamia kwa baba yake, na utaona huyo mzee atafanya nini.

Dada tuliyekupa jina la Verdiana, redio hii inafika Majimoto, na najua sokoni mnaifungulia. Sikusemi vibaya. Nakuomba Jumamosi uende hospitali kabla ya kupakia mizigo. Ulimwona mke wa kaka yako ameshika mkono wa baba yako, ukakasirika, sawa. Je, ule mkono wenyewe uliutazama? Uliuona uko juu ya bega?

Kama mzee atabaki Shanwe, viwekwe viti viwili, mkeka achana nao, viti viwili vyenye nafasi kati yake, mlango na dirisha wazi, mtoto wako katikati akitambaa na vijana wa jirani wakipokezana. Kiwiko hakihitaji tena sana kushikwa kama mkono umeshavuka bega, muulizeni Nestori. Kama ataenda Majimoto, aende na gemu, na vidonge, na tarehe za kurudi hospitali, na Verdiana aape mbele ya Nestori kwamba kila siku biashara itasimama kidogo ndege wafukuzwe. Mahali si hoja. Hoja ni mkono.

Na nani anaamua mahali? Hapa ndipo barua yako iliponikwaza kuliko pote. Nimesoma Denis kasema nini, Verdiana kasema nini, wewe unaogopa nini, hospitali wanasemaje. Mzee mwenyewe anataka nini? Hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza. Mkono wake ndio uliolegea, ulimi uko salama, kichwa kiko salama, mnampangia kama gunia la mchele. Verdiana anasema nakuchukua, anajibu nitakwenda, na nyote mmeridhika kwamba amejibu.

Mimi nadhani najua anachotaka, na nadhani hata wewe unajua, maana umeniandikia mimi, kwenye redio ambayo baba mkwe wako anaisikiliza kutwa. Mzee, shikamoo. Kama uko chumbani na unanisikia, na kama hili nitakalosema nimekosea, nisamehe, mimi ni mtoto kwako.

Mwanangu, pengine unadhani mzee ameona aibu ya gemu. Hapana. Mtu mwenye aibu ya gemu asingekwenda kanisani kuinua ule mkono mbele ya parokia nzima. Tazama alivyofanya. Verdiana alipomwita aondoke hakubishana hata neno moja, na huyo ni mzee aliyembishia Nestori mbele ya watu. Anakula chumbani ili asionekane mahali ulipo. Anakukwepa uani. Umemwita kwenye ndege akakuambia mmevuna vya kutosha. Mtu mzima wa rika lake akisikia ndoa ya mwanawe inatikisika kwa ajili yake hajitetei wala haiti kikao, anaondoka yeye. Alichagua, mwanangu, na hakumwambia mtu. Kati ya mkono wake na nyumba yenu, amechagua nyumba yenu.

Ndiyo maana ukinyamaza Jumamosi hutakuwa umeilinda ndoa yako. Utakuwa umeipokea kutoka kwake na kumwacha alipe yeye, na hilo litakukaa rohoni siku zote mtakazoishi na Denis, kila ukimwona mzee anashika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Denis hatusikii huko Tabora, kwa hiyo kazi hii ni yako. Usimtumie meseji. Subiri amalize kazi, umpigie, umwombe atafute mahali pa kukaa. Anza na uongo wako, uuseme wote, usiweke kitu pembeni kwa kujitetea: nilikudanganya, niliona haya, nisamehe. Mwambie habari ya kitenge na habari ya mlango. Mwambie ulivyolia kanisani. Halafu mwambie neno moja la mwisho, usilizungushe: "Baba yako ameuacha mkono wake ukauke ili mimi na wewe tusiachane." Ukishasema hivyo usiongeze kitu. Shika simu, umsubiri mpaka aongee.